Vijana wangu wanabandika lupu tu. Je, kompyuta inaweza kuwafundisha kupanga muziki?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nafundisha kwaya ya vijana huku Mbagala, wako 14, umri miaka 13 hadi 17. Mimi ni mtu wa solfa, nimezoea ubao na chaki. Mwaka huu kijana mmoja alikuja na laptopu ya kaka yake, wengine watano wana simu janja, wakaanza kutengeneza muziki. Nilifurahi, ila sasa nyimbo zote zinafanana. Wanachukua lupu nne, yaani vipande vya muziki vilivyotengenezwa tayari vinavyojirudia, wanazibandika moja juu ya nyingine, wanasema wimbo umekwisha. Mzee wetu wa kwaya anasema mashine inaua vipaji. Kuna mfadhili ananiuliza tununuliwe vifaa gani, nami sijui nimjibu nini. Kwenye kompyuta vijana wananizidi mbali. Nianzie wapi ili wajifunze kupanga muziki kweli na si kubonyeza tu?"*

Nzuri, Mwalimu. Unachohofia ni kwamba vijana wako wameipata mashine kabla ya kuupata muziki, na kwamba wewe uliyetumia miaka na solfa huna tena la kuwafundisha kwa kuwa wao ndio wanaojua pa kubonyeza. Hofu ya kwanza ina ukweli ndani yake. Ya pili haina, na nitaanza nayo, maana umeigusa kwa sentensi moja tu lakini naona ndiyo inayokubana zaidi.

Kupanga muziki ni kuamua nani aanze, nani ajibu, nani akae kimya mpaka aitwe. Uamuzi huo haumo ndani ya programu yoyote, umo kwako. Unapowaambia sauti ya nne washikilie do huku sauti ya kwanza ikipanda kutoka mi hadi so, unapanga. Unapomzuia mpiga ngoma asiingie kwenye ubeti wa pili ili maneno yasikike, unapanga. Kijana anayekuzidi anajua kitufe kilipo, ila bado hajui kwa nini akibonyeze. Basi gawaneni kazi: yeye aendeshe, wewe uulize. "Kwa nini besi imeingia hapa na si baada ya mistari miwili?" Akikosa jibu, hapo ndipo somo linapoanza.

Nilijifunza hili kwa hasara. Nilipoanza kufundisha vijana kwa kompyuta hapa Dar, niliwakalisha mbele ya skrini tangu siku ya kwanza, nikawaonyesha vitufe kwa wiki tatu. Wakavijua vyote. Kisha nikawaambia wapange wimbo wanaouimba kila siku mtaani, wakabaki wananitazama. Hawakuwa wamewahi kuusikiliza wimbo kwa vipande vyake. Tangu hapo naanza na sikio, mdomo na karatasi, na laptopu inakaa kwenye begi.

Jumamosi ya kwanza fanya hivi. Chagua kazi yoyote ndefu ya bendi ya dansi, tuseme ya Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa hapa jijini mwaka 1978, au ya Msondo, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya 1964. Mpe kila kijana karatasi, achore mstari mmoja kwa kila chombo: waimbaji, gitaa la solo, gitaa la pili, rithimu, besi, tumba, tarumbeta. Wimbo unapopita, kila anaposikia chombo chake anapaka rangi, kinaponyamaza anaacha wazi. Rudieni mara tatu, nne. Watagundua wenyewe kwamba karatasi ina nafasi nyingi tupu. Watagundua kwamba tarumbeta hungoja mwimbaji amalize ndipo zijibu, na kwamba wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, waimbaji hupunguza maneno na magitaa huchukua uwanja. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba kila gitaa linarudia kipande kidogo sana ambacho ukikisikiliza peke yake unaweza kudhani hakina maana. Kikikutana na vingine viwili, kinakuwa kama ukili mmoja ndani ya mkeka.

Karatasi hiyo waliyoipaka rangi ndiyo picha ileile watakayoiona kwenye skrini: mistari imelala, vipande vya rangi vinaonyesha nani anasikika na lini. Siku watakapofungua programu watakuwa wameshaijua sura yake, na wameijulia kwenye muziki wenye mpangilio.

Sasa tuje kwenye lupu, maana hapo kuna kutoelewana. Lupu yenyewe si kosa. Singeli, muziki uliozaliwa uswahilini humu humu Dar, ilikua kwa watu kuchukua vipande vya taarabu na kuviharakisha, hadi leo unakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Pale palikuwa na uamuzi: mtu alikisikia kipande akaona kinaweza kuwa kitu kingine. Tatizo la vijana wako liko kwingine. Lupu nyingi zinazokuja na programu zimetengenezwa zijitosheleze. Lupu ya ngoma ina kila kitu cha ngoma, ya kinanda imejaza mikono yote miwili, ya besi haina pumziko. Ukizibandika nne umeweka watu wanne chumba kimoja, wote wanaongea bila kusubiriana. Na kwa kuwa wote wanaazima kwenye hazina ileile, nyimbo zitafanana tu.

Kuna sababu nyingine ya ndani zaidi. Skrini inafundisha macho. Kijana akiona nafasi tupu kwenye treki, yaani mstari wa chombo kimoja, anahisi kazi haijaisha, anaijaza. Kwenye karatasi ya dansi alijifunza kwamba utupu ule ndio unaompa tarumbeta nguvu, lakini mbele ya skrini anasahau. Dawa yake ni amri moja ambayo mimi huishika kwa ukali: wimbo wa kwanza una treki tatu, basi. Binti mmoja aliwahi kuniletea kazi yenye treki 12. Nilimwomba azime moja, tusikilize, azime nyingine, tusikilize. Tulipobaki na sauti yake, marimba na makofi, akanyamaza kidogo, kisha akasema hivyo ndivyo alivyousikia wimbo kichwani tangu mwanzo. Tisa zilizobaki alizifuta mwenyewe.

Zoezi la kuzima treki ndilo linalonifanya niitetee teknolojia hii mbele ya mtu yeyote. Zamani ukiandika sauti nne ulisubiri hadi siku ya mazoezi ndipo usikie kama sauti ya pili inagombana na ya tatu. Leo kijana anaandika, anasikia, anabadilisha, anasikia tena, mara 20 kwa saa moja. Kinachowezesha hili ni MIDI, mfumo uliokubaliwa na watengenezaji wa vyombo mwaka 1983. MIDI haibebi sauti, inabeba maagizo: piga noti fulani, kwa nguvu kiasi fulani, iachie wakati fulani. Do ya kati ya kinanda, kwa mfano, ni namba 60. Kwa kuwa ni maagizo, unaweza kubadilisha filimbi ikawa gitaa, kushusha wimbo mzima ufunguo mmoja, kupunguza mwendo, bila kurekodi upya. Sauti iliyorekodiwa kwa maikrofoni haikubali kugeuzwa kirahisi hivyo, na ni nzito pia. Dakika moja ya rekodi isiyobanwa hula karibu MB 10, ikibanwa kuwa MP3 ya kawaida ni kama MB 1, wakati faili la MIDI la wimbo mzima ni KB chache tu. Kwa vijana wanaonunua bando la siku, hesabu hiyo ni muhimu.

Kwa mtu wa solfa kama wewe, ningeanza na MuseScore, programu ya kuandikia noti. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na kwa laptopu ya zamani toleo la 3 ni jepesi kuliko la 4. Itakudai noti za mistari badala ya d r m, na hilo lisikutishe. Kijana mmoja asome solfa yako ubaoni, mwingine aiingize, baada ya majuma machache wote wawili watakuwa wanasoma lugha mbili. Kisha zima sauti tatu, acha ya pili peke yake, toa MP3, itume kwenye kundi la WhatsApp la sauti ya pili wafanyie mazoezi nyumbani. Kwa biti na ala kuna LMMS, nayo ni ya bure na haihitaji mtandao. Kwenye simu kuna BandLab, nzuri kwa kurekodi mawazo, ila inataka intaneti mara kwa mara, na uwaelekeze waweke kazi zao faragha, maana ni mahali pa watu wengi wasiowajua. Watakuomba FL Studio kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye studio nyingi za mjini. Toleo lake la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini ukiifunga hutaweza kuifungua tena mpaka ulipie. Nakala za kuiba zinazozunguka kwenye flashi ziache kabisa. Ni za wizi, na mara nyingi zinakuja na virusi.

Lazima pia ujue programu hizi zina mazoea yao, na usipoyajua zitawanyoosha vijana wako bila wao kuhisi. Nyingi ukizifungua zimeshaamua kwamba wimbo una mapigo manne na kila pigo limegawanywa kwa nne. Sasa ngoma zetu nyingi zinagawanya pigo kwa tatu. Kijana akirekodi makofi yake vizuri kabisa, kisha akabonyeza kile wanachokiita kwantaizi ili mashine inyooshe, mashine itavuta kila kofi hadi kwenye mstari ulio karibu: lililokuwa kwenye theluthi ya kwanza linavutwa hadi robo, la theluthi ya pili linavutwa hadi robo tatu. Ngoma inapinda, haichezeki tena, na mtoto anadhani yeye ndiye aliyekosea. Mfundishe kubadilisha mgawanyo uwe wa tatu kabla hajarekodi, na kwa makofi na tumba asinyooshe kabisa. Ule uchelewaji mdogo wa mkono wa mpiga tumba ndio unaowanyanyua watu kwenye viti.

Hali ni hiyohiyo kwenye upatanisho wa sauti. Kinanda cha kompyuta kimegawanya oktavu, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, kwa hatua 12 zilizo sawa. Zeze na ilimba za Wagogo hazikugawanywa hivyo, wala kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, haiishii kwenye hatua hizo, ina sauti zinazokaa katikati ya vitufe. Ukipata kijana mwenye zeze, mrekodi kwa maikrofoni kama alivyo na usimwekee kinanda kinachopiga noti zilezile juu yake, maana mmoja ataonekana amepotoka na vijana watamlaumu asiyestahili.

Tena kompyuta haipumui. Itaimba mistari minane bila kuvuta hewa, itapanda juu ya uwezo wa binti yeyote wa miaka 14, na vijana wataandika hivyo kwa sababu inasikika vizuri. Weka sharti kwamba kila kilichoandikwa kwa sauti lazima mtu aliyemo chumbani akiimbe, na kila kilichoandikwa kwa gitaa lazima mtu akionyeshe kwa vidole. Hapa ubingwa wako ndio unaohitajika kuliko wa mashine. Unawajua wavulana wako wa miaka 13 na 14 ambao sauti zao zinavunjika. Waandikieni noti tano au sita zilizo jirani, zinazobadilishwa baada ya miezi kadhaa sauti zikishuka. Kushusha ufunguo ni kitufe kimoja, kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto kukaa nje ya kwaya kwa sababu ya umri wake.

Kuhusu mfadhili. Usimwombe programu ya kulipia, na usikubali kununuliwa laptopu mpya ya gharama kabla ya hiyo moja haijakushinda. Kitu cha kwanza ni hedifoni za waya na vigawanyio ili vijana watatu wasikilize kifaa kimoja pamoja. Nasisitiza waya. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mtu anayerekodi akisikia muziki umechelewa naye huimba kwa kuchelewa. Cha pili ni spika moja yenye besi ya kuaminika. Waya nene ya gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Kijana anayepangia kwenye simu haisikii besi, anaiongeza, haisikii, anaiongeza, kisha siku ya kuipiga kwenye sabufa ukumbi unanguruma na maneno hayasikiki. Wazoee kusikiliza kazi kwenye simu, kwenye hedifoni na kwenye spika kabla ya kusema imekwisha. Baada ya hapo maikrofoni moja ya USB. Kinanda kidogo cha MIDI cha vitufe 25 ni kizuri lakini kinaweza kungoja, kwa kuwa chenyewe hakitoi sauti, ni cha kuingizia maagizo tu. Mkienda kununua Kariakoo, chukua kijana na laptopu, jaribuni pale pale dukani kabla ya kulipa.

Na kama mfadhili ana moyo, ningemwomba kitu ambacho wafadhili hawakitarajii: posho ya mpiga besi wa dansi na mpiga ngoma wa kienyeji waje Jumamosi nne kukaa na hao watoto. Nina hakika zaidi ya hizo Jumamosi nne kuliko ya kifaa chochote nilichotaja hapo juu.

Hukuuliza, lakini muda si mrefu kijana mmoja atakuletea wimbo uliotengenezwa na akili mnemba, ameandika maneno mawili akapata wimbo mzima wenye kwaya na tarumbeta. Usimfukuze. Uchukueni mkaufanyie zoezi la karatasi: nani anaingia lini, nani hakunyamaza hata mara moja, mwimbaji anapumua wapi. Kisha mwambie apange wimbo huohuo upya kwa treki tatu. Ninachokataa ni kuupokea kama kazi yake, kwa sababu ulimfikia ukiwa umeshaamuliwa wote, na alikuja kwako kujifunza kuamua.

Yako mambo ambayo maandishi yangu hayayatoshi. Kijana akilalamika masikio yanavuma baada ya hedifoni, au akianza kukuomba urudie maneno, asingoje mwezi. Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 75, na mtu mzima 80, na simu ikifunguliwa mwisho inapita hapo kwa mbali. Mkitaka kutoa hadharani mpangilio wa wimbo wa mtu mwingine, ombeni ruhusa kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, na kupanga upya wimbo wake nako kunahitaji idhini. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watawaelekeza. Na akijitokeza mmoja ambaye unaona ameshafika mwisho wa unachoweza kumpa, usimshike. Mpeleke akaone TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni pale Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kunakofundishwa muziki, aongee na walimu ana kwa ana.

Amebaki mzee wenu wa kwaya. Anaposema mashine inaua vipaji, nadhani anasema alichokisikia: nyimbo zinazofanana, hakuna sauti ya mtoto anayemjua ndani yake. Alichosikia ni kweli. Kwa hiyo usibishane naye. Baada ya wiki sita mwiteni, mpeni kiti cha mbele na hedifoni. Mpigieni wimbo mmoja wa treki tatu, mmoja tu, ulioimbwa na hao vijana. Kisha mwombeni aseme wapi besi iingie. Akisema, kijana aisogeze pale pale mbele yake, na mzee asikie.